Waya Chini ya Kiti

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Herieth alipeleka chai kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Baba yake, Fridolin, aliegesha Landrova yake hapo, kwa kuwa nyumbani kwao hapakuwa na uzio. Birika la chai lilikuwa la baba, lakini kikombe cha kwanza kilikuwa cha mlinzi, Mzee Sebastiani. Mzee huyo alilinda ua ule usiku kucha, kisha kukipambazuka akaufagia.

Julai ya mwaka 1994 ilikuja na baridi kali. Ukungu uliteremka kutoka milima ya Udzungwa ukalala juu ya mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na watu wa Ifakara walitembea wamejifunika khanga na mablanketi. Mzee Sebastiani aliota moto wa pumba za mpunga, mikono yake miwili karibu iguse makaa.

Herieth alikuwa darasa la sita. Alipenda somo la sayansi, na hakuna kitu chenye skrubu kilichosalimika mbele yake. Mjomba wake, aliyefanya kazi ya reli kule Mlimba, alikuwa amewaletea redio kaseti yenye mkono wa kubebea. Ilikula betri nane, tena ilizimaliza upesi. Siku moja baba alisema, "Ile njia ya Mlimba inanitia usingizi. Laiti ningekuwa na muziki garini!"

Herieth akapiga hesabu. Betri nane, kila moja volti moja na nusu, jumla volti kumi na mbili. Betri ya gari nayo volti kumi na mbili!

"Baba, naweza kuiunganisha redio yetu garini," alisema.

"Nyaya za gari si mchezo, mwanangu. Subiri, tutamwona fundi Ildefonce."

Lakini ulikuwa msimu wa kusafirisha mpunga. Baba alishinda barabarani, na wiki tatu zikapita bila fundi kuonekana.

Ijumaa alasiri, baba akiwa nyumbani anakula, Herieth alichukua redio, vipande viwili vya waya na koleo, akaenda uani. Siku hiyo jua halikutoka kabisa. Manyunyu yalianguka na vidole vyake vilikufa ganzi, hata koleo likamponyoka mara mbili. Alimenya nyaya kwa meno. Akainua kiti cha dereva, ambako ndiko betri ya gari ilikokaa, akazisokota nyaya kwenye vichwa vya betri. Hakuwa na utepe wa kuzifunga. Alipobonyeza swichi, redio ikalia! Herieth alicheka peke yake. Kesho baba atashangaa, alijiambia.

Ghafla akasikia baba anakohoa njiani. Alipunguza sauti mpaka mwisho, akaisukuma redio nyuma ya kiti chini ya gunia, akakikandamiza kiti juu ya nyaya. Akatoka upande wa pili kama mtu aliyekuja kunawa mikono. Redio aliinyamazisha, hakuizima.

Jumamosi alfajiri mlango wao uligongwa kwa nguvu. Alikuwa jirani yao Stefania, amempakata mtoto wake Omega ndani ya kitenge.

"Baba Herieth, nisaidie! Mtoto ana degedege! Amechemka kama jiko!"

Wote walikimbilia mashineni. Baba akaruka garini, akazungusha ufunguo. Gari liliguna mara moja, likanyamaza. Akazungusha tena. Kimya.

"Sukumeni!" alipiga kelele.

Mzee Sebastiani aliweka bega lake nyuma ya gari, mama akaweka lake, na Herieth lake. Magurudumu yalikuwa mazito. Walisukuma mara ya kwanza, mara ya pili, huku Stefania akilia, "Mwanangu ananifia mikononi!" Mara ya tatu, gari lilipofika kwenye mteremko wa barabara, injini ilishika, likaondoka kuelekea hospitali.

Baba alirudi saa mbili. "Mtoto anapumua vizuri," alisema. "Lakini daktari ameuliza kwa nini tumechelewa."

Kisha akamgeukia Mzee Sebastiani. Wapakiaji wa magunia walikuwa wamekwisha fika, na wote walisimama kusikiliza.

"Mzee, jana betri yangu ilikuwa nzima. Ni nani mwingine anayelala hapa? Uliingia garini kukimbia baridi, ukawasha taa, ukasinzia!"

"Sikuingia garini," mzee alijibu taratibu. "Nilikuwa hapa penye moto wangu."

"Basi taa ziliwashwa na mizimu? Mimi sitaki mlinzi mwongo. Nenda!"

Hapo ndipo Herieth alipokumbuka: redio ilikuwa bado inafanya kazi nyuma ya kiti, imefyonza betri usiku kucha. Alifungua kinywa. Ulimi ukawa mzito kama jiwe. Mzee Sebastiani alikunja blanketi lake, akachukua fimbo, akampa Herieth kikombe.

"Mwambie mama yako ahsante kwa chai, mjukuu wangu," alisema, akaenda zake bila kugeuka nyuma.

Saa tano baba alikuwa tayari kwa safari ya Mlimba. Gari lilipakiwa madumu ya mafuta ya taa, na abiria wanne walikaa juu ya mizigo. Wapakiaji walilisukuma gari, injini ikawaka. Herieth alisimama pembeni, hajala kitu tangu asubuhi. Baba alinusa hewa.

"Kuna harufu ya mpira unaoungua," alisema. "Labda ni breki. Nitaitazama mbele ya safari."

Herieth aliyatazama yale madumu. Akakumbuka nyaya alizozibana kwa chuma cha kiti.

"Baba, usiende!" alipaza sauti. "Si breki! Ni waya! Ni mimi!"

Baba alizima injini, akaruka chini na kukiinua kiti. Moshi ulimfuka usoni. Mpira wa waya ulikuwa umeyeyuka, na pembe ya gunia ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Alizichomoa nyaya kwa koleo, akalitupa gunia nje na kulikanyaga. Abiria waliteremka mbio.

"Uliiweka redio hii lini?" baba aliuliza.

"Jana. Nilitaka usisinzie njiani. Na sikuizima."

"Asubuhi ulinisikia nikimfukuza mzee?"

"Nilikusikia, Baba. Niliogopa." Machozi yalimtiririka. Alingoja kofi, lakini kofi halikuja. Baba aliketi kwenye ngazi ya gari.

"Twende," alisema mwishowe.

Walimkuta Mzee Sebastiani nyumbani kwake, ameketi mlangoni, blanketi mabegani.

"Shikamoo, mzee," baba alisema.

"Marahaba."

Herieth alipiga magoti akaeleza yote, bila kuficha hata ile ya kujifanya ananawa mikono. Baba akasema, "Nimekukosea. Nakuomba urudi kazini."

"Kazi naweza kupata nyingine," mzee alisema. "Lakini uliniita mwongo mbele ya watu, Fridolin, na umri wangu huu."

Baba aliinamisha kichwa. "Basi nitakuomba radhi mbele ya watu wale wale."

Wakarudi mashineni watatu pamoja. Mbele ya wapakiaji na abiria, baba alivua kofia na kusema kwamba mlinzi alisema kweli na yeye ndiye aliyekosea. Mzee Sebastiani alimpa mkono, kisha akachukua ufagio wake.

Baba alimvuta Herieth kando.

"Jumatatu tutakwenda kwa fundi, nawe utazame jinsi kazi ile inavyofanywa. Kuunga waya vibaya ni kosa la mikono, mikono hufundishwa. Lakini uliponyamaza, mtu asiye na hatia alibeba aibu yako, na nusura watu waungue. Siku nyingine ukikosea, niambie papo hapo, hata ukiniona nimefura kwa hasira. Kweli iliyocheleweshwa huzaa hasara. Nami nimejifunza: nitauliza kwanza, ndipo nihukumu."