Kikopo cha Guka Mwaniki

Kosa lilikuwa langu, tusizungukezunguke. Nilimpa mtoto kikopo cha babu yake nikamwambia, "Mpe guka yako ateme humu," kisha nikarudi kwenye chai yangu. Daktari mzima, nimesahau kueleza ateme nini!

Mtoto mwenyewe ni Kagure, wa darasa la sita. Kila asubuhi alipita mbele ya zahanati yetu hapa Kibugu akienda shule, akiimba. Juma hilo hakuimba. Nilipomuuliza, akasema guka yake, Mzee Mwaniki, anakohoa tangu msimu wa mvua na suruali zinamvuka kwa kukonda.

Kesho yake akaleta kikopo. Nikatazama kwa hadubini: hakuna kidudu hata kimoja.

"Labda ni baridi tu," nikasema.

Kagure hakuondoka. Alikuwa akisugua kidole cha mguu sakafuni.

"Kuna nini, mama?"

"Guka alisema mambo ya nyumbani hayabebwi zahanati."

"Basi usiyabebe. Yaweke tu hapa mezani."

Akacheka, kisha macho yakamjaa maji. "Hakukohoa, daktari. Alitema mate safi, yale ya kubariki. Na usiku anakohoa mpaka anashika ukuta. Koome, ndugu yangu mdogo, analala naye."

Kwetu, mzee akimtakia mtoto heri humtemea mate kidogo viganjani. Nikaelewa. Nilivua koti langu jeupe, tukaongozana hadi kwao.

Guka alikuwa ameketi juani, amejifunika blanketi. "Wewe ni mtu wa heshima," akaniambia kwa ukali. "Nikutumie uchafu kwa mkono wa mjukuu wangu?"

"Guka, uchafu huo ndio kazi yangu. Mate ni ya mdomoni. Mimi nataka makohozi, yatoke chini kifuani. Kesho ukiamka, kabla ya chai, simama nje, vuta pumzi, ukohoe kwa nguvu."

Safari hii hadubini ikaonyesha vidudu tele.

"Kumbe nina TB?" guka akauliza. "Kama ile ya jirani yetu Nyamu, ya shingoni?"

"Ya Nyamu ilikuwa ya tezi, nje ya mapafu. Yako ni ya mapafu. Hata za mapafu hazifanani: kuna ambayo vidudu vyake havionekani kwenye makohozi, hiyo tunaitafuta kwa picha ya kifua. Yako inaonekana, na ndiyo inayosambaa zaidi hewani ukikohoa."

"Koome?" akauliza polepole.

"Tutampima. Nawe umeze dawa kila siku. Ukiacha katikati, utarudi tukuweke kundi la wanaotibiwa upya, na hiyo ni ngumu zaidi."

Guka akamgeukia Kagure. "Wewe ndiye uliyenisema?"

"Ndiyo, guka."

"Ulifanya vizuri." Akanyoosha mkono kumbariki, akaurudisha chini ya blanketi. "Baraka utapata nikipona."

Koome alipatikana mzima. Guka alimeza dawa mpaka ya mwisho, na makohozi yake yakawa safi. Siku hiyo, pale zahanati, nilimwambia guka na Kagure: "Kumpenda mgonjwa si kumfichia siri. Ni kusema ukweli mahali anapoweza kutibiwa. Na daktari naye aeleze vizuri!"

Kagure akanyoosha viganja. Guka akamtemea kidogo, taratibu, kama mtu anayepuliza moto. Wakashikana mikono, wakatoka.

Nami nikanyoosha viganja vyangu dirishani. "Guka, na mimi je? Kidogo tu!"

Walikuwa wameshafika kwenye michai, na Kagure alikuwa akiimba.