Shamba la Bibi Ghania

Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa na kazi tatu: kumpelekea Bibi chai ya tangawizi, kumtia dawa ya macho, kisha kwenda darasa la Kiswahili. Tuliishi Deira, mjini Dubai, juu ya duka la vitambaa vya jumla. Darasa lilikuwa kwenye ukumbi mdogo huko Al Rigga, nyuma ya hoteli. Mwalimu wetu aliitwa Pauline, Mkenya ambaye siku nyingine zote alifanya kazi mapokezi ya hoteli hiyo.

Mwaka huo wa 2014 nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na nilikuwa mvivu wa kusikiliza. Nasema mwenyewe kabla hamjasema ninyi.

"Andikeni maisha ya mwanamke wa ukoo wenu aliyefungua shamba mahali pasipokuwa na shamba," Mwalimu Pauline alituambia. "Ulizeni nyumbani. Nitaziunganisha insha zenu ziwe kijitabu, kila familia ipate nakala, na nyingine mzipeleke kwa jamaa zenu Afrika."

Kwangu mimi kazi ilikuwa nyepesi. Bibi Ghania, mama wa baba yangu, aliwahi kulima porini karibu na Nzega, Tanzania, kabla ya kuhamia Dubai. Lakini Bibi ukimuuliza jambo moja huanzia kwa mama yake mzazi, na mimi sikuwa na subira hiyo. Nikaingia mtandaoni. Nikapata habari za mwanamke wa Marekani wa zamani, aliyehamia nyanda za majani pamoja na mumewe, nikazigeuza kwa Kiswahili. Mke nikamwita Ghania, mume nikampa jina la marehemu babu, Muhanna. Theluji niliiondoa, maana hata mimi nilijua Nzega hakuna theluji, nikajiona mwerevu kweli.

"Hukumuuliza Bibi?" Musab, binamu yangu tuliyesoma naye darasa hilo, aliniuliza.

"Atamaliza lini? Khalas, nimeshaandika."

Mwalimu Pauline aliipenda insha hiyo kuliko zote. Akaamua iwe ya kwanza kitabuni, na akamwalika Bibi aje kuisikia Jumamosi iliyofuata, siku ambayo kijitabu kingepelekwa kwa mchapaji.

Bibi alikuja na buibui lake jipya, akaketi mbele. Nikasimama nikasoma: "Muhanna alishika plau nyuma ya farasi wawili, akaipasua ardhi ngumu. Ghania alibaki nyumbani akioka mikate na kulia kwa upweke. Jioni mumewe alirudi, akamfuta machozi."

"Ishia hapo," Bibi alisema. Hakupaza sauti. "Nani alishika plau?"

"Babu."

"Farasi wa nani?"

Nikaigeuza karatasi.

"Na huyo mwanamke anayelialia ni nani?"

"Ni wewe, Bibi."

"Si mimi. Simjui huyo." Sasa alikuwa amesimama, fimbo mkononi. "Babu yako alikuwa Tabora, dukani. Pori lile nilifyeka mimi na visiki niling'oa mimi. Punda wangu wawili waliuawa na mbung'o mwezi wa kwanza, nikalima kwa jembe la mkono. Jirani yangu wa Kinyamwezi ndiye aliyenifundisha kutengeneza majaruba ya mpunga. Mpunga ulipozaa nilikaa juu ya dungu la miti tangu alfajiri nikiwaamia ndege wasiule, na baba yako mgongoni ana homa. Nani alikuwa na nafasi ya kulia? Miaka hamsini watu wananiita mke wa mwenye shamba, nanyamaza. Leo mjukuu wangu wa damu ananiandikia hivyo hivyo kitabuni."

Akatoka. Ukumbi mzima ukanitazama mimi.

Hasira zilinipanda, na nitasema kweli, nilimkasirikia yeye. Kwa nini asingoje tufike nyumbani?

"Amenifedhehesha," nilimwambia Musab.

"Wewe ndiye uliyemfedhehesha kwanza," alinijibu. Nikamkasirikia na yeye.

Mwalimu Pauline alinivuta pembeni. "Ibtihal, hii habari uliipata kwa Bibi yako?"

"Ndiyo, Mwalimu. Bibi ni mzee tu. Siku hizi anasahau."

Maneno hayo yalitoka kwa urahisi wa kutisha. Mwalimu aliitazama saa yake. "Mchapaji ananingoja saa nane. Kama Bibi anasahau, basi insha ibaki ilivyo. Ndivyo unavyosema?"

Ningeitikia tu, mambo yangekwisha. Insha yangu ingekuwa ya kwanza, na shamba la Bibi lingekuwa la Babu daima, mpaka huko Nzega kwenyewe. Lakini nilimwona akilini Bibi akiishika fimbo ile, nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

"Hapana," nikasema. "Bibi hasahau kitu. Mimi sikumuuliza. Nimenakili habari za mtu mwingine."

Sijapata kumwona Mwalimu Pauline amekasirika vile. "Kwa hiyo ulikuwa tayari Bibi yako aonekane amepungukiwa na akili, ili wewe usifiwe? Nenda nyumbani. Una mpaka saa nane. Yalla."

Nilimkuta Bibi amemaliza kuswali adhuhuri, anakunja mswala.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kunifuta machozi?"

Nikamwambia yote, hata lile la kusema kwamba anasahau. Lile ndilo lililomuuma zaidi. Akamaliza kukunja mswala, akauweka mahali pake, mimi nimesimama mlangoni kama mgeni.

"Chukua kalamu," akasema mwishowe.

Alisimulia kwa hasira, nami niliandika kwa mkono unaouma. Kila nilipopamba alinirudisha nyuma. Nilipoandika kwamba alikuwa shujaa, akasema, "Futa shujaa. Andika nilikuwa na njaa." Nikafuta.

Tulipokaribia mwisho nikauliza, "Babu nimtoe kabisa?"

"Kwa nini umtoe? Wakati wa mavuno alikuja na lori, akabeba magunia, akayauza kwa bei nzuri. Andika hivyo hivyo. Usimwongezee, usimpunguzie. Ukiandika habari za mtu usizozijua, mwanangu, unamnyang'anya maisha yake. Ulinifanyia mimi. Usimfanyie na yeye."

Insha ilimfikia Mwalimu Pauline saa nane kasorobo. Aliisoma yote akiwa amesimama, kisha akaiweka ya mwisho kitabuni. Nilijua kwa nini, sikunung'unika.

Kijitabu kilipotoka, Bibi alinitaka nikisome mbele ya baba, ambaye siku zote aliliita shamba lile shamba la marehemu baba yake. Baba alisikiliza huku anakunywa kahawa. Nilipofika mahali pa dungu na mtoto mwenye homa, akakiweka kikombe chini.

"Mama," alisema, "mbona mimi sikuyajua haya?"

"Hukuuliza," Bibi alimjibu.