Jina Alilochapa Fundi Bisibisi

Jua lilikuwa linazama Fundi Bisibisi alipobisha mlango wa mjane mmoja, mkoba begani, hana hili wala lile. Jina hilo la utani alipewa kwa wembamba wake, na kwa sababu hakuna kitu kilichofungwa ambacho hakutamani kukifungua. Kazi yenyewe ilikuwa ya kitoto: kuipachikia kompyuta ya zamani, zile za mezani zenye boksi zito, kadi ya waifai ili iingie mtandaoni bila waya. Angemaliza upesi, akawahi nyumbani kabla binti yake hajalala. Binti alikuwa na miaka minne, wa pekee. Yeye na mkewe walimpata wakiwa wameshakata tamaa, hata watu wameshachoka kuwauliza. Kwa mtoto huyo fundi alikuwa haambiwi kitu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita. Lakini... ongea kwa sauti ya chini."

Fundi akacheka moyoni. Wazee na mambo yao! Akamfuata mpaka chumba cha nyuma. Kompyuta ilikuwa imegeuzwa uso ukutani, imefunikwa shuka, na shuka lenyewe limezungushiwa kamba.

"Ilikuwa ya marehemu mume wangu," mjane akanong'ona. "Hakutaka iunganishwe na kitu chochote. Waya wa simu aliukata kwa mkono wake."

"Kisa?"

Mjane akatazama pembeni. "Alikuwa na mambo yake. Mambo ya giza. Aliyatafuta mwenyewe, yakamshinda. Wewe fanya kazi, mwanangu, jua linatuacha."

Mtu mwingine angeaga hapo hapo. Bisibisi akafungua kamba, akafungua skrubu, akavua ubavu wa boksi. Akaganda.

Hamna vumbi.

Nyie msiofungua mashine za watu hamwezi kujua maana yake. Kompyuta iliyokaa miaka yote hiyo lazima feni iwe imevaa vumbi, kuwe na mende wakavu, pengine na mayai ya mjusi. Hii ilikuwa safi mpaka kwenye pembe, safi ya kulambwa. Tena ilikuwa na joto, ilhali waya wa umeme ulikuwa umelala sakafuni, haujachomekwa popote. Na harufu... harufu ya pumzi ya mtu aliyefumba mdomo kwa muda mrefu.

"Bibi, nani anaisafisha hii?"

"Hakuna anayeigusa."

Akageuka kuutazama mlango, lakini fundi mzima akimbie boksi? Aibu hiyo angeipeleka wapi? Akaipachika kadi, akaikaza, akafunga antena zake mbili fupi kwa nyuma, akachomeka umeme. Mashine ikawaka. Akaingiza programu ya kuiendesha kadi kutoka kwenye flashi yake. Kila kitu kikakubali. Kilichobaki ni kujaribu tu.

"Mtandao wa hapa unaitwaje?"

"Sina. Jaribu na wako."

Alijibu haraka mno. Fundi hakulitilia maanani, maana ndivyo mafundi wote wanavyofanya: unawasha mtandao wa simu yako, unaiunganisha mashine ya mteja, ikishika unaondoka. Na Bisibisi alikuwa na uvivu wake mmoja. Neno lake la siri lilikuwa lile lile, kwenye simu, nyumbani, kila mahali, asihangaike kukumbuka. Lilikuwa jina la binti yake, lote, la kwake na la ukoo, pamoja na siku aliyozaliwa. Jina lenyewe silitaji. Hata wanaolijua wameacha kulitaja.

Akalichapa. Akabonyeza.

Feni ikanyamaza.

Kioo kikawa cheusi tii. Ndani ya lile boksi, ambalo halikuwa na spika hata moja, kitu kikavuta pumzi. Halafu kikaanza kulisoma jina... silabi moja... moja... kama mtoto anayejifunza kusoma. Kilipofika mwisho kikarudia, safari hii bila kukwama. Mara ya tatu kililiita kwa sauti ya Bisibisi mwenyewe, vile vile anavyoita akifika mlangoni kwake.

Simu ikamuunguza paja mfukoni.

Mjane alikuwa amejibana ukutani, machozi yanamtiririka.

"Kimetoka?" akanong'ona. "Mwanangu, niambie. Kimetoka?"

Fundi akachungulia ndani ya boksi. Vumbi. Vumbi tele, limeganda kwenye feni na kwenye nyaya, vumbi la miaka na miaka.

"Nini kimetoka, bibi? Kilikuwa nini humu?"

"Sijui. Kila jua likizama kinaniita jina langu. Marehemu aliitika siku moja tu, hakumaliza wiki. Na mimi nimechoka, mwanangu! Nikaambiwa kikipewa njia kitakwenda zake." Akajifuta uso kwa kanga. "Uliandika nini pale?"

"Jina la mwanangu."

Mjane akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu! Mimi nilidhani mnaandika namba tu! Kimbia, baba. Kimbia! Mtoto asiitike!"

Bisibisi aliacha mkoba, aliacha viatu. Alitimua mbio pekupeku, simu sikioni, inamuunguza na hajali. Mkewe akapokea.

"Mtoto yuko wapi?"

"Si huyu hapa anakula. We mwanaume una vituko kweli! Unamwita huko uani, halafu unanipigia simu."

"Siko uani."

Mkewe akacheka.

"Mke wangu, sikiliza. Siko uani. Ameitika?"

"Ana tonge mdomoni..." Sauti ya mkewe ikashuka, ikawa mnong'ono. "Anashuka kwenye kiti. Unamwita tena. Nakusikia... ni wewe kabisa."

"Mzibe mdomo!"

Yule mama hakuuliza swali. Fundi alipofika aliwakuta chini ya meza, sahani imepinduka, kiganja cha mama kimeziba kinywa cha mtoto, na mtoto anapumua puani kwa kwikwi, macho yamemtoka. Uani hakukuwa na mtu. Bisibisi akaingia naye chini ya meza, akawakumbatia wote wawili, akalia kwa sauti bila haya.

Simu waliivunjavunja. Kisanduku cha mtandao walikitupa. Wiki ile ile wakambadilishia mtoto jina, naye akalipenda hilo jipya, akajivuna nalo mtaani. Jina la zamani likapigwa marufuku. Nyumba ikatulia, usingizi ukarudi. Majirani waliwacheka, na Bisibisi akawaacha wacheke, maana mtoto alikuwa wake na alikuwa mzima.

Aliyekuwa mbali ni mama mkwe wake. Yeye aliambiwa tu kwenye simu kwamba mjukuu ana jina jipya, sababu hakuelezwa. Siku alipokuja kuwaona, mjukuu alimkimbilia mpaka barabarani, akamng'ang'ania miguu. Wakaja taratibu wameshikana mikono, fundi na mkewe nyuma yao wamebeba mizigo. Walipofika mlangoni, bibi wa watu kwa furaha yake akamwinamia mtoto, akajisahau, akalitamka lile jina la zamani. Lote. Kwa kulivuta, kwa mapenzi.

Mizigo ikamponyoka Bisibisi.

Mtoto alikuwa anamtazama bibi yake usoni, mdomo ameufumba.

Na kutoka ndani ya nyumba, ambayo haikuwa na mtu, sauti ya mtoto huyo huyo ikaitika:

"Abee, bibi!"