Maji ya Mrututu

Tangu fundi mwashi aende kujenga mbali, mkewe bado alipika chai ya watu wawili. Mazoea yana tabu. Kila akimwaga kikombe cha pili, alimkumbuka upya.

Mumewe aliacha kondoo aliyempenda sana. Alimwita Bibi Harusi, kwa mwendo wake wa maringo. Sasa Bibi Harusi alikuwa akichechemea. Matope yalikuwa yameozesha kwato zake.

"Huyu akifa, nitamwambia nini mwenyewe?" mke alijiuliza.

Akakumbuka dawa. Mumewe aliyeyusha majini mrututu, ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu, kisha kondoo akakanyaga humo. Basi naye akautia kwenye maji ya karai la bati, lile la kunyweshea. Akaukoroga kwa mkono mtupu, akamvuta Bibi Harusi.

Kondoo alikuwa na kiu. Akainamisha kichwa.

"Shemeji, mzuie!" Daktari wa mifugo, jirani yao, aliruka ua akamvuta kondoo kabla hajaonja.

"Si ndiyo dawa yenyewe?" mke aliuliza.

"Dawa ya kwato. Tumboni ni sumu, hata kwa mtu, na kondoo ndiye asiyeiweza kabisa. Nawa mikono kwanza, usijiguse macho."

Karai likatupwa, maana mrututu hula bati na sumu hubaki humo. Daktari akaleta beseni la plastiki.

"Mnyweshe maji safi mpaka ashibe, ndipo akanyage. Kisha asimame pakavu. Wewe vaa glovu."

"Na maji yanayobaki?"

"Yasifike mtoni, yanaua samaki. Niite, tutayafukia mbali na kisima. Mrututu wenyewe ufungie, watoto wasiufikie. Kwani hukumwona mwenzio akifanya?"

Mke alikuwa akimwona kila mara.

Wakarudia dawa kila wiki. Kwato zikapona, na maringo yakarudi.

Jioni moja mumewe akapiga simu. Mke akamsimulia yote, hata kosa lake.

"Lakini nilikuwa nikimnywesha kwanza," mume alisema. "Nawe ulikuwa umesimama palepale."

"Nilikuwa nakutazama wewe. Kazi sikuiona."

"Basi nikirudi nitakuonyesha tena."

"Kazi nimeshajifunza," mke alisema. "Wewe rudi tu."