Jogoo Aliyeliwa Bado Anawika

Kila jioni baada ya magharibi, nyumba ya akina Firdausi pale Pangani, Kibaha, ilitulia. Televisheni ilizimwa, sufuria ilishushwa jikoni, na Mama aliweka simu katikati ya mkeka ili kila mtu asikie. Ulikuwa wakati wa sauti ya Bibi.

Bibi Mwanamkuu aliishi ndani ndani Kisarawe, kwenye kijiji cha mikorosho na mihogo. Alikataa katakata kuhama nyumba yake hata baada ya kiharusi kumlemaza upande wa kulia. Mama naye alikuwa karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali, asingeweza kuacha kazi. Basi alimtunza mama yake kwa simu, na alipanga mambo kama anavyopanga mafaili: dawa, uji, kuoga, kugeuzwa kitandani, mazoezi ya mkono. Mtekelezaji alikuwa Mwamini, binti wa mdogo wake Bibi, aliyeishi hukohuko. Jioni Mwamini alituma ujumbe wa sauti, na Bibi mwenyewe alisema polepole, "Sijambo, wanangu. Nimekula, nimeoga. Laleni salama."

"Alhamdulillahi," Mama alijibu, akarudi kwenye sufuria yake.

Firdausi alikuwa darasa la sita, na masikio yake hayakuwa ya kupitwa na jambo. Jioni moja alisikia kitu nyuma ya sauti ya Bibi. Baada tu ya neno "nimekula", jogoo aliwika.

"Mama, jogoo anawika magharibi hii?"

"Jogoo wa shamba ana saa?" Mama alijibu bila kugeuka.

Lakini Firdausi alikumbuka kwamba Bibi hakupenda kabisa jogoo awike jua likizama. Alikuwa akisema kuna habari njiani, na si habari ya kuchekea.

Kesho yake jogoo aliwika tena, mahali palepale, baada ya "nimekula". Safari hii Firdausi alimsikiliza vizuri. Sauti ilipanda, ikayumba, kisha ikakatika ghafla kama mtu aliyepaliwa. Jogoo mmoja tu duniani aliwika hivyo. Alikuwa Kishingo, jogoo wa Bibi asiye na manyoya shingoni.

Kishingo hakuwapo tena Kisarawe. Hakuwapo popote. Firdausi alipohitimu Kurani madrasa, Bibi alitimiza ahadi aliyompa siku nyingi: Kishingo aliletwa Kibaha ndani ya tenga, nyuma ya bodaboda ya Isihaka, kijana wa kijijini kwa Bibi, akaishia kwenye pilau ya hitima. Paja lake alilila Firdausi mwenyewe.

Jumamosi Mama alikwenda sokoni, simu akaiacha kwenye chaji. Firdausi alimwita Tito, jirani yake anayesoma naye darasa moja, kijana ambaye mdomo wake haukujua kupumzika.

"Sikiliza hapa," Firdausi alisema.

Walisikiliza ujumbe wa jana. Jogoo aliwika, na baada ya "nimeoga" Bibi alikohoa kidogo. Wakafungua wa juzi. Jogoo, kisha kikohozi. Wakarudi nyuma zaidi, na zaidi. Kila siku jogoo yuleyule alikatikia mahali palepale, na kila siku Bibi alikohoa kikohozi kilekile.

Tito alishusha sauti. Kwa Tito, hilo peke yake lilitisha.

"Oya, Firdausi," alinong'ona, "hivi bibi yako… yupo kweli? Isije ikawa mzimu ndio unatuma meseji."

"Mzimu una bando?" Firdausi alijaribu kucheka, lakini kicheko hakikutoka. Akapiga namba ya Mwamini.

Simu iliita muda mrefu, kisha ikapokelewa.

"Mama mdogo?" Hakujibiwa. "Bibi? Shikamoo, Bibi."

Hakuna marahaba. Bibi Mwanamkuu, ambaye aliitikia shikamoo hata akiwa anatafuna, hakuitikia. Kilichosikika ni pumzi, nzito na ndefu, karibu kabisa na sikio. Kisha kitu kikaanza kugonga mbao. Ko. Ko. Ko. Simu ikakatika.

Tito alikuwa ameshafika mlangoni.

Mama aliporudi na kapu lake, Firdausi alimwambia yote bila kuvuta pumzi. Mama alikunja uso. "Unataka kumzulia bibi yako balaa?"

"Mama, Kishingo tulimla."

Mama alichukua simu, akaiweka sikioni, akasikiliza. Akasikiliza tena. Akakaa chini, kapu bado likining'inia mkononi. Kisha akapiga, na Mwamini akapokea.

"Mwamini, hujambo?"

"Sijambo, dada."

"Mama hajambo?"

"Hajambo, dada."

"Mpe simu niongee naye."

"Amelala."

"Mwamshe."

Mwamini akaangua kilio. Mama hakungoja kimalizike. Alitupa kapu, akamwita jirani mwenye gari, na vitunguu vikabaki vimetapakaa sakafuni.

Njia nzima Firdausi aliangalia mikorosho ikipita dirishani na kujiuliza swali moja tu. Yule aliyepumua kwenye simu, alikuwa Bibi?

Walipofika, ua ulikuwa umefagiwa, na michirizi ya ufagio haikuwa na alama hata ya kuku. Mlango ulikuwa wazi nusu.

"Hodi!" Mama aliita. "Hodi humu ndani!"

Hakuna aliyesema karibu. Badala yake, kutoka kwenye giza la chumba, ikaja sauti ile. Ko. Ko. Ko.

Firdausi alitaka kukimbia, na miguu yake ilikuwa imeshageuka. Lakini sasa, bila simu katikati, aliutambua mlio huo. Alipokuwa mdogo alilala na Bibi, na Bibi akimtaka asogee karibu aligonga pete yake kwenye ubao wa kitanda. Firdausi alimpita Mama mlangoni, akaingia mbio.

Bibi alikuwa kitandani, macho wazi, amekonda, mdomo umevutwa upande mmoja. Pete ilikuwa kwenye mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima. Midomo ilichezacheza, lakini sauti haikutoka. Chozi lilimtoka Bibi, na Firdausi akalia naye.

Mwamini aliingia na ndoo ya maji, akasimama mlangoni. "Ile simu ya kwanza, mimi nilikuwa kisimani, simu nimeiacha hapo kitandani," alisema. "Ameipokea mwenyewe."

"Tangu lini hasemi?" Mama aliuliza.

"Tangu siku ile niliyomtuma Isihaka na jogoo. Jana yake asubuhi tulirekodi ya jioni kabisa, akiwa anaongea vizuri. Siku hiyo aliamka mdomo umepinda, maneno hayatoki. Nikaogopa, dada. Nikakutumia ile ya jana, nikijua kesho atasema. Kesho ikawa kesho tena."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mwamini aliinamisha kichwa. "Nilipokwambia habari ya kidonda cha mgongoni ulinifokea. Ulisema umeniachia mtu, si mzigo wa kuni. Na mama mkubwa naye, alipokuwa bado anasema, alinikataza kila siku, nisikusumbue kazini."

Mama alifungua mdomo, na Firdausi alijua kinachofuata. Lakini Mama aliangalia shuka lililofuliwa, kikombe cha uji, ngozi ya Bibi iliyopakwa mafuta. Akafunga mdomo. "Mshike upande ule," alisema. "Tunampeleka hospitali."

Hospitalini, daktari aliyeitwa Elinipa aliwaeleza kwamba Bibi alikuwa amepata kiharusi cha pili. Hakuweza kumeza vizuri, na uji ulikuwa unaingia njia ya hewa. "Mngechelewa kidogo tu," alisema, "mngeleta maiti."

"Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakigoma, ni hospitali siku hiyohiyo. Hakuna kungoja kesho."

Walikaa kwenye benchi la nje, Mama katikati, Mwamini upande huu na Firdausi upande ule.

"Mwamini, umekosa," Mama alisema taratibu. "Uongo wako, hata kama ulitokana na woga, ulikaribia kumuua mama. Na mimi nimekosa, tena sana, kwa kukufanya uuogope ukweli. Sisi mtu akiwa na homa kali ukimsalimu anasema sijambo, kisha ndipo anakueleza homa yake. Mimi nilikuwa naipokea ile sijambo, nafunga faili, naenda kupika. Hiyo 'kisha' yenyewe sikuingoja. Kumtunza mtu aliye mbali ni kusema lililopo na kuuliza mara ya pili. Na anayeambiwa baya asimfokee aliyeleta."

Kisha akamgeukia Firdausi. "Ulisikia, ukaogopa, ukauliza hata hivyo. Endelea hivyohivyo."

Bibi alipona kiasi, akarudi nyumbani kwake, lakini sauti haikurudi. Ule ujumbe wa zamani Mama alitaka kuufuta, Firdausi akamsihi auache. Ndiyo sauti pekee ya Bibi waliyobaki nayo. Hawaisikilizi magharibi.

Magharibi siku hizi Mama anapiga simu mwenyewe. "Salamu nimezipokea, mdogo wangu. Sasa nipe mabaya."

"Uji amekunywa nusu, dada. Na kisigino kimekuwa chekundu."

Mama anameza mate kwanza. "Asante kwa kuniambia. Kesho tumwite muuguzi."

Kisha Mwamini anaisogeza simu kitandani, na Firdausi anainama juu ya mkeka.

"Shikamoo, Bibi."

Anangoja. Wote wanangoja, hata Mama. Kisha, kutoka Kisarawe, pete inagonga ubao.

Ko.

Hiyo ndiyo marahaba yake.