Ampea Nne

Kila asubuhi, kabla hata ya kuvaa sare, Wembe alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu: kusoma kipimajoto cha sanduku la kuangulia vifaranga na kuandika nambari yake kwenye daftari lililoning'inia msumarini. Sanduku, lililotumia umeme wa betri, lilikaa katika chumba kidogo cha nyuma, na ndani yake mlikuwa na mayai arobaini ya mama yake mdogo. Jina la Wembe alipewa darasani, kwa kuwa alimaliza hesabu wenzake wakiwa bado wanachonga penseli. Alilipenda jina hilo, tena kupita kiasi.

Asubuhi ya siku ya ishirini, siku moja tu kabla ya vifaranga kutoka, kipimajoto kilionyesha nyuzi thelathini na nne badala ya thelathini na saba na nusu. Fyuzi ilikuwa imeungua. Mama mdogo akaweka nyingine huku akinung'unika, na Wembe akaenda shule. Aliporudi saa tisa alasiri, fyuzi ya pili nayo ilikuwa imeungua. Sanduku lilikuwa limefunikwa blanketi, na mama mdogo alikuwa akizunguka chumbani na simu mkononi.

"Nimeweka yai sikioni nikasikia kinagonga ndani," alisema. "Wako hai, mwanangu. Wakipoa leo, wiki tatu zangu zimekwenda bure."

 Wembe alijua kilichotokea. Jana jioni, mama mdogo alipokuwa nje, alifungua ubao wa nyuma wa sanduku, akakata nusu ya waya unaotoa joto, akaivuta nje, kisha akaunganisha nusu iliyobaki kwa skrubu. Kesho kikundi chake kilitakiwa kuonyesha darasani waya unaopata moto, na yeye alikwishatamba kwamba wake ungewaka mwekundu. Kipande kilikuwa kwenye mkoba wake hivi sasa, kimeviringishwa ndani ya soksi. Jana alijiambia kwamba nusu iliyobaki ingetosha. Leo mwalimu alikuwa ameeleza ubaoni kwamba waya ukifupishwa ukinzani unapungua, na ukinzani ukipungua mkondo wa umeme unaongezeka. Wembe aliinamisha kichwa kipindi kizima, akaona kama anasemwa yeye.

Simu ikapokelewa. Alikuwa fundi umeme aliyeliunda sanduku lile, naye aliishi mbali. Mama mdogo akamweleza habari za fyuzi, kisha akaweka spika.

"Shikamoo, fundi," Wembe alisema.

"Marahaba, Wembe. Sikiliza. Waya niliouweka humo una ukinzani wa omu sita. Betri ni volti kumi na mbili. Mkondo ni ngapi?"

"Volteji gawanya kwa ukinzani. Kumi na mbili gawanya kwa sita. Ampea mbili."

"Hewaa! Na fyuzi zenu zinavumilia tatu. Sasa zinaungua kwa nini? Chukua ile mita ya kupimia mkondo niliyowaachia, iunganishe palipokuwa na fyuzi, kisha unisomee."

Wembe akaunganisha. Mita ikaonyesha nne. Hesabu ilijipanga kichwani mwake yenyewe: kumi na mbili gawanya kwa nne, omu tatu. Nusu kamili. Akitaja nne tu, fundi angejua papo hapo kwamba nusu ya waya haipo, na aliyezoea kulishikashika sanduku lile alikuwa mmoja.

"Vipi, umesinzia?" fundi aliuliza.

"Mbili," Wembe alisema. "Inasoma mbili."

"Basi waya ni mzima, hizo fyuzi ndizo mbovu. Kwenye lile kopo la vipuri kuna moja ya ampea tano. Wekeni hiyo kwa leo, kwa mkondo wa ampea mbili haina neno. Kesho nitakuja na nyingine."

Mama mdogo alishukuru mpaka fundi akacheka. Akaweka fyuzi, akaondoa blanketi, akambusu Wembe kwenye paji la uso. "Bila wewe ningefanya nini mimi? Kaa humu umwangalizie mama yako mayai. Mlango usifunguliwe ovyo, joto litatoka." Akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake.

Wembe akabaki peke yake na sanduku. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa magunia, na hewa ilikuwa nzito. Alitoa daftari la mazoezi ili ajisahaulishe, lakini swali la kwanza lilikuwa la betri ya volti kumi na mbili na waya wa omu tatu. Alilifunga daftari haraka.

Kipimajoto kilisoma thelathini na saba. Alishusha pumzi. Baada ya muda kikafika thelathini na nane: mkondo mara mbili, joto mara mbili. Alifungua matundu yote ya hewa. Thelathini na nane na nusu. Akiuacha umeme, vifaranga wangeivia ndani ya maganda yao. Akiukata, wangepoa, na fundi angepigiwa simu tena. Kuurudisha waya kwa siri pia kusingewezekana: kuuvuta nje aliweza peke yake, lakini ili kuutandaza tena chini ya trei ya mayai, trei ilihitaji watu wawili kuiinua. Kila alikogeuka alikuta ukuta, na kuta zote alizijenga mwenyewe.

Thelathini na tisa.

Aliinama, akabandika sikio kwenye sanduku. Ndani, kidogo sana, kitu kilikuwa kinagonga. Hakungoja tena. Alichomoa waya kwenye betri, akafungua mlango kwa nguvu, akaita mpaka sauti ikapasuka: "Mama mdogo! Nimedanganya! Ilikuwa nne!"

Aliyaeleza yote palepale mlangoni, huku analia na soksi ikiwa mkononi. Mama mdogo hakumpiga wala hakumkaripia. Alitazama kipande cha waya, akatazama sanduku, kisha akasema kwa kifupi, "Shika trei upande huo." Wakaiinua pamoja. Wembe akafungua skrubu, akarudisha kipande chake mahali pake. Omu tatu na omu tatu, sita. Kumi na mbili gawanya kwa sita.

Wakampigia fundi. Wembe alikiri tena, na safari hii ilikuwa ngumu zaidi.

"Unganisha mita," fundi alisema. "Nisomee."

"Mbili," Wembe alisema.

Ndipo mama mdogo alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu sanduku liingie nyumbani. Alisogea, akavaa miwani yake, akainama kuitazama mita kwa macho yake mwenyewe. Wembe aliumia kuliko kama angezabwa kofi.

"Ni mbili kweli," mama mdogo alimwambia fundi.

"Sawa. Wembe, unanisikia? Hesabu unazijua, sina wasiwasi nazo. Ila ukanipa nambari ya uongo, nami nikaijengea, na kidogo tuwaue vifaranga arobaini kwa hesabu iliyo sahihi kabisa. Mimi niko mbali. Nilikuwa naona kwa macho yako."

Kesho yake Wembe alisimama mbele ya kikundi chake mikono mitupu, akawaambia kwa nini. Walimnunia siku nzima. Jioni alikuta vifaranga thelathini na sita wamekwisha kutoka, wanapigana vikumbo kwenye trei. Mayai manne hayakupasuka. Mama mdogo aliyaweka kwenye bakuli pembeni.

"Nitakuwa naangalia mita mwenyewe kwa muda," alimwambia Wembe walipokuwa wakiwapa vifaranga maji. "Si kwamba sikupendi, mwanangu. Ukidanganya mara moja, mtu hapunguzi mapenzi, anapunguza kukuamini, na hilo hulirudishi kwa kulia. Utalirudisha kwa kunisomea ukweli kila siku, hata siku ambayo ukweli wenyewe unakuumbua."

"Ndiyo, mama mdogo."

"Haya. Kipimajoto kinasemaje?"

Wembe akasoma, kisha akasogea kando ili naye aone.