Kamba ya Pima Tano

Wewe unayesoma, umekipita kisima kile cha Kaole, au kingine mfano wake. Uliona hakina kifuniko, ukageuza uso. Alipozama mtoto wa Mzee Khamis mwaka jana ulisema ni kadari, ukarudi kwenye chai yako. Wakubwa walikuja, wakapiga picha, wakaahidi zege. Zege lenyewe halijaonekana.

Wahida, mwanafunzi wa darasa la sita, hakuwa na pa kugeuzia uso. Kila asubuhi kabla ya shule aliteka maji kwenye kisima hicho, huku akikwepa kutazama chini.

Majirani walipochoka kungoja, walikubaliana inunuliwe kamba ya kuokolea, itundikwe kwenye nguzo ya kisima, asiiguse mtu kwa kutekea maji. Bibi Mize akamwita Wahida, mjukuu wake.

"Kisima chetu ni pima tano hadi majini. Pima moja ni mikono minne, na mkono ni toka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Dukani wanauza kwa mita. Piga hesabu wewe, bingwa wa namba."

"Rahisi hiyo, bibi."

Wahida alichukua rula, akapima mkono wake mwenyewe: sentimita thelathini na sita. Pima tano ni mikono ishirini. Akazidisha, akapata mita saba na sentimita ishirini.

Zayed, mwenye duka, alisita na kisu mkononi. "Pima tano ndiyo mita saba na kidogo tu? Una hakika?"

"Kwani wewe ndiye mwalimu wangu?"

"Haya, profesa!" Zayed akacheka, akakata kamba.

Jioni, kabla ya kuitundika, Wahida aliifunga jiwe nchani akaishusha kisimani. Kamba ikaisha mkononi, na jiwe halijagusa maji. Akageuka aende kusema. Lakini kutoka barazani alisikia majirani wakimsifu: "Mtoto huyu ana kichwa, wallahi!" Akafungua jiwe, akaitundika kamba, akanyamaza. Kesho nitasema, alijiambia. Kesho ile ikazaa kesho nyingine. Na watu wazima waliopita pale wakaisifu kamba kwa upya wake. Hakuna aliyeinyoosha kuipima.

Jumamosi moja asubuhi, Twalha, mtoto mdogo wa jirani yao Kulthum, aliinama kuvuta ndoo. Ndoo ikamvuta yeye. Akatumbukia nayo, pamoja na kamba ya kutekea.

"Mwanangu! Jamani, mwanangu!" Kulthum alipiga ukelele uliosikika hadi dukani. Zayed akaja mbio, akanyakua kamba ya nguzoni, akaishusha. Chini, Twalha aling'ang'ania jiwe la ukutani kwa mkono mmoja. Ncha ya kamba ikaning'inia juu, mbali na kichwa chake.

"Haifiki!" Zayed alihema. "Imepungua kiasi gani? Sioni!"

Wahida, aliyefika mbio na bibi yake, aliona uso wa Twalha ukizama, ukiibuka.

"Ni fupi! Nilijua ni fupi!" akalia. "Ongezeni kanga mbili!"

Kulthum alimgeukia. "Ulijua, Wahida?" Hakungoja jibu. Alivua kanga yake, Bibi Mize akavua mtandio wake wa kanga, Zayed akaviunga kwenye kamba kwa fundo gumu.

"Ipitishe kwapani, Twalha! Kwapani, baba! Shika!"

Walimtoa akiwa hai, mkono mmoja umevunjika, akitapika maji. Mama yake akaondoka naye hospitali bila kumtazama Wahida.

Bibi Mize alikaa chini, akaulaza mkono wake kando ya mkono wa mjukuu wake. Vidole vya bibi vilipita mbali.

"Hesabu yako haikuwa na kosa," alisema. "Kosa ni mkono. Pima hupimwa kwa mkono wa mtu mzima, sentimita arobaini na tano au zaidi. Mikono ishirini ni mita tisa. Nami nilikosa, sikukuonesha. Lakini kukosea si dhambi, Wahida. Kulijua kosa ukalifunika, hilo ndilo lililotaka kumzika Twalha."

Kisha akawainulia macho majirani waliokusanyika. "Na nyinyi? Nani kati yenu aliipima?"

Mmoja wao akaondoka kutafuta mbao.

Siku hiyohiyo walileta mbao na misumari, wakakifunika kisima bila kungoja wakubwa. Kamba mpya ilikatwa mita kumi na moja, ibaki ya kufungia. Wahida mwenyewe aliishusha na jiwe mbele ya watu wote, mpaka likasikika likiingia majini. Hakuna aliyeshangilia. Kisha akashika njia ya hospitali, peke yake, kwenda kumwomba radhi Kulthum.

Mtaani kwako kipo kisima, nawe unakijua. Funga kitabu hiki. Mshike mkono mtu mzima, nendeni mkaipime kamba, mkafunike mdomo wa kisima. Usiniambie kesho. Inuka, nenda sasa.